Kivuli cha duara kifuani mwa mtoto: Si kila mara ni kifua kikuu

  

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa afya na usafi tumezoea kuzungumzia kuhara, malaria, minyoo ya tumbo na usafi wa vyoo. Leo tuyatazame maradhi ambayo familia nyingi hazijawahi kuyasikia, na hata sisi wa hospitali wengi wetu huyaona mara chache sana. Ni uvimbe uliojaa maji unaoota ndani ya pafu la mtoto, na asili yake ni mayai ya mnyoo mdogo anayeishi tumboni mwa mbwa. Kitaalamu huitwa ugonjwa wa haidatidi. Mnyoo mwenyewe ni jamaa ya tegu, ila ni mdogo mno: urefu wake ni milimita chache tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika hospitali moja ya wilaya, ukanda wa wafugaji kaskazini mwa Tanzania. Akaingia bibi mmoja amemshika mkono mjukuu wake wa kiume, umri wa miaka minane. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaweka mezani mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za dawa za miezi mitano. "Mjukuu wangu," akaniambia, "kikohozi hiki kimenishinda."

Nikazisoma zile karatasi moja moja. Mtoto alikwishapewa dawa za nimonia mara tatu, kila safari kali kuliko iliyotangulia. Baadaye alianzishiwa dawa za kifua kikuu, naye alikuwa amezimeza miezi miwili bila ya nafuu. Vijidudu vya kifua kikuu havikuwa vimeonekana kwake, kwa kuwa mtoto mdogo hatemi makohozi, huyameza. Aliyemwanzishia dawa alikwenda kwa dalili tu. Simlaumu, maana kwenda kwa dalili kumeokoa watoto wengi ambao wangekufa wakisubiri kipimo. Lakini jambo moja halikunikalia sawa. Mtoto hakuwa amekonda. Hakuwa na homa, hakuwa akitoka jasho usiku, alicheza mpira na wenzake, na bibi yake alisema akimaliza ugali huomba mwingine.

Nilipomgonga mgongoni kwa vidole, upande wa kulia chini palitoa sauti nzito, kama unagonga gunia la mahindi. Mahali penye hewa hulia kama ngoma. Nikaweka kipimio changu hapo, pumzi haisikiki. Nikajiambia: haya ni maji yamejaa kati ya pafu na mbavu. Na tiba tuliyofundishwa ni kuingiza sindano katikati ya mbavu, kuvuta maji kidogo na kuyapeleka maabara. Nikamwomba muuguzi aniletee sindano na spiriti. Alikuwa mama mtu mzima, ameanza kazi mimi sijazaliwa. Akaniuliza kwa upole, "Daktari, eksirei leo inafanya kazi. Hatuitazami kwanza?" Niliona haya kidogo, kwani kweli siku hiyo mashine ilikuwa nzima, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Nikakubali.

Picha ilipokuja tukaipachika kwenye kisanduku cha taa. Maji yaliyojaa nje ya pafu hukaa chini na kupanda pembeni, kama chai ndani ya kikombe kilichoinamishwa. Hapa hapakuwa na kitu hicho. Palikuwa na duara, jeupe, ukubwa wa chungwa, kingo zake safi kama zimechorwa kwa bikari. Pembeni mwake pafu lilikuwa zima kabisa. Nikairudisha sindano kwenye trei. Ningeichoma, ningelitoboa lile chungwa, na pengine mtoto angetufia palepale mezani.

PICHA YA KIFUA INASEMA NINI

Wazazi wengi huletewa filamu ya kifua cha mtoto wao wakaitazama kama mtu anayetazama maandishi ya lugha asiyoijua. Lakini msingi wake si mgumu. Miale ya eksirei hupita kwa urahisi penye hewa, ndiyo maana mapafu huonekana meusi. Hukwama kwenye mfupa, ndiyo maana mbavu ni nyeupe. Nyama, damu na maji viko katikati, na vyote vitatu hutoa rangi moja ya kijivu cheupe. Ukilielewa hilo umeelewa nguvu ya eksirei na udhaifu wake pia. Itakuambia kuwa mahali palipotakiwa kuwa na hewa pana kitu kingine. Haitakuambia kama kitu hicho ni maji au ni nyama. Uvimbe wa maji na uvimbe wa saratani vinaweza kutoa kivuli cha namna moja.

Kwa hiyo msomaji wa picha hutazama umbo, kingo na jirani. Uvimbe wa haidatidi ambao haujapasuka huwa wa duara au wa yai, rangi moja kote ndani, kingo kali, na pafu linalouzunguka halina ugonjwa. Unaweza kuwa mmoja au zaidi, na pafu lolote kati ya mawili. Tofauti na ule wa kwenye ini, wa kwenye pafu ni nadra kuwekewa ganda la chokaa. Na kwa kuwa pafu la mtoto ni laini na halina upinzani, uvimbe huko hukua haraka kuliko kwenye ini, wakati mwingine sentimita kadhaa kwa mwaka mmoja. Kwa watu wazima ini ndilo linaloshikwa zaidi, lakini kwa watoto mapafu hushikwa mara nyingi sana. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuwa na chungwa kifuani na bado akakimbia uwanjani.

Uvimbe ukianza kuchakaa picha hubadilika, na hapa kuna alama mbili ambazo sijapata kuzisahau tangu niziwone kwenye kitabu. Uvimbe una tabaka mbili: ganda la nje ambalo mwili wa mtu umelijenga kujikinga, na utando wa ndani ambao ni wa mdudu mwenyewe. Hewa kidogo ikipenya kati ya tabaka hizo, sehemu ya juu ya duara hutokea mstari mweusi mwembamba uliopinda. Ni mwezi mwandamo kamili. Sisi tunaopanda juu ya mapaa kutafuta hilali ya Ramadhani hatuhitaji kuelezwa zaidi, na hata wataalamu wa picha katika nchi nyingine huiita alama hiyo kwa jina la hilali. Lakini hii si hilali ya kushangilia. Maana yake utando umeanza kuachana na ganda na kupasuka kumekaribia.

Ukishapasuka, maji hutoka kwa njia ya kikohozi na hewa huingia mahali pake. Hapo picha huonyesha duara lenye hewa juu na maji chini, na juu ya maji hayo zinaelea kunjo za ule utando uliojikunyata, mithili ya majani ya yungiyungi juu ya bwawa. Mgonjwa mwenyewe husimulia kwamba amekohoa ghafla maji mengi meupe yenye ladha ya chumvi, pamoja na vipande vinavyofanana na maganda ya zabibu au na ule utando mweupe wa ndani ya ganda la yai. Mzazi akiliona hilo asiyamwage. Ayakinge kwenye chombo safi chenye kifuniko, amchukue mtoto na chombo, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

VINAVYOFANANA NAO

Kosa la kwanza ni kudhani ni kifua kikuu, na ni kosa linaloeleweka kwa kuwa kifua kikuu tunacho kwa wingi na haidatidi tunayo kwa uchache. Kwa mtoto, kifua kikuu mara nyingi huvimbisha tezi zilizo katikati ya kifua, pale mishipa mikubwa inapoingilia mapafu, au huacha madoa yasiyo na mipaka. Mtoto hukonda au hukataa kuongezeka uzito, na mara nyingi nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa. Duara safi lenye kingo kali, kwa mtoto mwenye siha, ni sababu ya kutafuta zaidi kabla ya kusema neno. Siku hizi pia kuna kipimo cha GeneXpert ambacho kinaweza kufanywa hata kwa choo cha mtoto asiyeweza kutema makohozi, basi mzazi aulize kama kipo.

La pili ni nimonia ya duara. Hii huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka minane, na kivuli chake kinaweza kumdanganya hata mzoefu. Lakini huyu ana homa, anahema kwa kasi, ameugua siku chache tu. Akipewa dawa kivuli hufutika katika wiki chache. Ndiyo maana nasisitiza picha irudiwe baada ya matibabu. Kivuli cha duara ambacho dawa za nimonia hazikukigusa si nimonia. Yule mtoto wangu laiti angepigwa picha mara ya kwanza, ikarudiwa baada ya mwezi, safari yake ya miezi mitano ingekuwa fupi. Kuna pia jipu la pafu, ambalo lina ukuta mnene na mgonjwa wake ni hoi, na kuna uvimbe wa nyama, na vivimbe ambavyo mtoto huzaliwa navyo.

Baada ya eksirei kinachofuata ni altrasaundi, tena ya tumbo. Watu hushangaa: ugonjwa uko kifuani, kwa nini mnampaka mtoto mafuta tumboni? Sababu ni kwamba mayai ya mnyoo yakimezwa, kiluwiluwi hutoka, hutoboa ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu, na kituo cha kwanza cha damu hiyo ni ini. Wanaopenya hapo ndio hufika kwenye mapafu. Basi mwenye uvimbe pafuni lazima ini lake litazamwe. Altrasaundi hutofautisha maji na nyama kwa urahisi, na ikiwa uvimbe wa pafu umegusa ukuta wa kifua unaweza kuonekana moja kwa moja. Kwa mjukuu wa yule bibi tulikuta kivimbe kingine kidogo kwenye ini, cheusi cha maji, chenye vitoto ndani yake. Hapo shaka ikapungua sana. Hospitali kubwa zina skani ya CT ambayo hupima uzito wa kilichomo na kumwongoza daktari wa upasuaji. Kipimo cha damu kipo, lakini kisiaminiwe peke yake, kwani uvimbe wa pafu ambao haujapasuka mara nyingi haujauamsha mwili, na majibu yakaja kwamba hana kitu.

Neno dogo la pembeni kwa akina mama. Kabla mtoto hajaingia chumba cha picha mvueni mkufu, nguo zenye vifungo na zipu, na nywele zilizosukwa na shanga ziinuliwe juu. Pia hirizi. Hukumu ya hirizi waulizeni masheikh zenu, mimi hapa nasema la filamu tu: kile kibati kilichofungiwa ndani hutoa kivuli katikati ya kifua, na nimewahi kuona watu wazima watatu wakibishana juu yake. Na picha za zamani msizitupe wala msizifanye za kuchezea watoto. Picha ya mwaka jana ikiwekwa kando ya ya leo hujibu maswali ambayo mashine ya gharama kubwa hushindwa kuyajibu. Wanaohofia miale, picha moja ya kifua ina miale kidogo sana, sawa na ile ya kawaida ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku chache.

KWA NINI SINDANO NI HATARI

Maji yaliyomo ndani ya uvimbe huu ni safi kwa macho kama maji ya kisima, lakini yana protini ngeni kwa mwili na yamejaa vichwa vidogo vya mnyoo visivyohesabika. Yakimwagika kifuani mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza ni mzio mkali: mwili huvimba na kuwasha, pumzi hubana, shinikizo la damu hushuka, na mtu anaweza kufa katika dakika chache. La pili huja polepole. Kila kichwa kilichomwagika kinaweza kuota uvimbe mpya, na mtoto aliyekuwa na mmoja akawa na makumi baada ya miaka. Kwa uvimbe wa ini, wataalamu wana njia yao ya kutumia sindano kwa mpangilio maalumu, wakiongozwa na altrasaundi na dawa za dharura zikiwa tayari. Hilo ni la ini, si la pafu, na si la zahanati.

Kwa sababu hiyohiyo naomba mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu asichanjwe kifuani, asiumikwe wala asikandwe kwa nguvu mbavuni. Anguko au pigo zito peke yake linaweza kuupasua uvimbe.

Tiba ya wa kwenye pafu hasa ni upasuaji. Daktari bingwa huuzingira uvimbe kwa vitambaa vyenye dawa ya kuua mdudu, huutoa na kulishona pafu, na mara nyingi hubakisha sehemu kubwa ya pafu la mtoto kwa kuwa si lenyewe lililougua. Kuna vidonge vya albendazole, ndivyo vilevile tunavyowapa watoto kwa minyoo ya kawaida, lakini hapa hutolewa kwa wiki na miezi na damu ikipimwa. Msivinunue dukani mkajitibu. Dawa hiyo ikitolewa ovyo kwa uvimbe mkubwa wa pafu huweza kuudhoofisha ukuta wake ukapasuka kabla ya upasuaji. Wakati wa kuanza ni shauri la bingwa.

Mtoto yule tulimwandikia rufaa. Alifanyiwa upasuaji salama, alhamdulillah, na akaendelea na vidonge kwa ajili ya kile kivimbe cha ini. Tukawaita na ndugu zake kwa altrasaundi. Dada yake wa miaka kumi na mbili, ambaye hajawahi kulalamika lolote, alikutwa na cha kwake kwenye ini.

UNAINGIAJE NYUMBANI

Mbwa huupata kwa kula maini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia yenye vivimbe hivi. Baada ya wiki sita hivi minyoo tumboni mwake huwa imekomaa na mayai huanza kutoka na kinyesi. Mayai hayaonekani kwa macho. Hubaki ardhini, kwenye majani, kwenye maji ya lambo na kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi huyala malishoni, mtoto huyameza kwa mkono aliomshikia mbwa. Kisha mbuzi anachinjwa, na duru inaanza upya. Ieleweke vizuri: mtu haambukizwi kwa kula nyama wala ini, wala mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Mtu huambukizwa na mayai ya mbwa, na mbwa huambukizwa na sisi tunaomtupia.

Maradhi haya yamekita katika nchi za ufugaji, na nyingi kati ya hizo ni za Waislamu: Afrika ya Kaskazini, Iraq, Uturuki, Iran na Asia ya Kati. Kwetu Afrika Mashariki, Turkana kaskazini mwa Kenya ilijulikana duniani kote. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 ilikadiriwa kuwa sehemu za huko zilikuwa na wagonjwa wapya takriban 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango maalumu wa kuudhibiti. Kwa Tanzania, vivimbe hivi vimeonekana machinjioni katika wilaya za wafugaji kama Ngorongoro.

Kwamba unaweza kuondolewa kuna ushahidi. Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya, kilikuwa kimeelemewa. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda huko akapasua mbwa 100 na kukuta mnyoo huyu kwa 28. Mwaka uliofuata kijitabu chake kiligawiwa majumbani bure, kikieleza namna mbwa na vivimbe vinavyohusiana, na watu wakahimizwa kuvizika au kuvichoma. Vizazi vichache baadaye maradhi hayo yakawa historia. Hawakuwa na eksirei wala vidonge. Walikuwa na karatasi ya kusoma na shimo la kuzikia.

Nalo shimo linatuhusu sisi hasa, kwa Idd el-Hajj. Machinjioni yuko mkaguzi wa nyama, lakini udh-hiya tunaichinja uani na mkaguzi hayupo. Basi mwenye kuchinja awe ndiye mkaguzi. Atazame ini na mapafu kabla hayajagawiwa, ayapapase kwa kiganja. Akikuta malengelenge ya maji, meupe, ya duara, mengine yamezama ndani, asiyatoboe kwa kisu na asiwape watoto kuchezea, wala kipande hicho asimtupie mbwa. Kizikwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, kifunikwe kwa mawe, au kichomwe kiishe. Asiye na namna ya kuzika akichemshe kwa muda usiopungua dakika arobaini na tano. Nyama iliyobaki ya mnyama huyo haina tatizo kwa sababu hiyo.

Kuhusu mbwa, sheria yetu inatosha kwa mwenye kuifuata. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba chombo alichoramba mbwa kioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo. Nimewasikia baadhi ya wahadhiri wakisema hadithi hii ililetwa kwa ajili ya mnyoo huyu. Mimi sithubutu kusema hivyo. Twaifuata kwa kuwa ni amri, na sababu zake anazijua aliyeamrisha. Ninachoweza kusema kwa elimu yangu ya hospitali ni kwamba nyumba inayotenga vyombo vyake na mbwa, na inayonawa kabla ya kula, imepunguza njia ya mayai haya. Mboga za majani zioshwe kwa maji mengi, na watoto wafundishwe kunawa kwa sabuni baada ya kushika mbwa au kutoka zizini. Dawa za kumwagia sakafu haziyaui mayai hayo, joto na ukavu ndivyo huyaua.

Siku ya kuondoka bibi alinivuta pembeni. Nyumbani kwao walikuwepo mbwa watatu wa kulinda kondoo, na mwanawe ndiye mchinjaji wa mtaa. "Sasa mwanangu, hawa mbwa tuwaue?" Nikamwambia hapana, bibi. Mbwa wa mifugo ameruhusiwa katika hadithi sahihi, pamoja na wa kuwinda na wa shamba, na katika Bukhari kuna habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mkiwaua, jirani yenu ataleta wengine, na maini yatatupwa vilevile. Nikampa jina la dawa kwenye karatasi, praziquantel, aende nayo kwa bwana mifugo: kila mbwa kwa uzito wake, kila baada ya wiki sita, na kinyesi cha siku chache baada ya dawa kizikwe kwa koleo. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akauliza kama hiyo dawa huchanganywa na uji au na nyama. Nikamwambia nyama, lakini isiwe ini.